Kashata za Asali na Treni Isiyorudi

Naandika haya kwa ajili ya wale wa rika langu waliokulia kandokando ya reli ya kati, kwa kuwa vijana wameanza kutusimulia utoto wetu kinyume na ulivyokuwa, na sisi tunanyamaza kana kwamba hatukuwapo.

Juma lililopita, katika duka moja mtaani kwangu hapa Utemini, niliuziwa pakiti yenye picha ya nyuki na maandishi makubwa, Kashata za Asali. Niliifungua palepale dukani, jambo ambalo si desturi yangu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya sukari iliyoungua na manukato fulani, kama sabuni ya kuogea. Nikaweka kipande mdomoni. Kiligonga jino kama kokoto.

"Binti," nikamwambia muuzaji, "hizi hazina asali."

"Ladha ya asali ipo, bibi. Imeandikwa hapo nyuma."

"Hiyo ladha nimeisoma. Ninachouliza ni asali."

Akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu anayemhurumia mzee. "Sasa bibi, asali kwenye kashata nani aliwahi kuweka? Si itayeyuka? Kashata ni sukari, tangu na tangu."

Nilifanya kazi katika masjala za serikali mpaka nikastaafu, na nimeona kwa macho yangu jinsi kosa dogo linavyonakiliwa kutoka jalada hadi jalada hatimaye likaheshimiwa kama ukweli. Kwa hiyo maneno ya "tangu na tangu" yaliniudhi kuliko bei ya pakiti ile. Nilirudi nyumbani nimekunja uso, nikakusudia kuandika kwa usahihi jinsi kashata za asali zilivyokuwa. Lakini nilipoketi na kuufikiria utamu wake, kilichonijia mwilini kwanza hakikuwa utamu. Viganja vyangu vilitoka jasho, na mimi ni mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu. Kashata zile na hofu vilikaa ndani yangu mahali pamoja, na siwezi kueleza kimoja nikaacha kingine.

Tuliishi Itigi, nyumba ya pili kutoka barabara ya kwenda stesheni. Baba alikuwa mrina asali. Aliingia vichakani na wenzake, akakaa huko muda mrefu kwenye mizinga yake, na kwa sehemu kubwa ya utoto wangu namkumbuka kama mtu anayetarajiwa. Kaka yangu Elia alikuwa akisoma kwa baba mdogo kule Ulemo, na kwa jina lake mama aliitwa Mama Elia. Nyumbani tulibaki mama na mimi.

Mama alikaanga karanga katika chungu kipana, akazipepeta maganda uani, akazitwanga kidogo tu zisije zikawa unga. Asali ilikuwa ile nyeusi ya vichaka vyetu, yenye harufu ya moshi na ukali unaokwaruza koo kwa mbali. Aliichemsha polepole katika sufuria mpaka povu likaisha na asali ikavutika kama uzi kwenye mwiko. Hapo alimimina karanga, akakoroga kwa mikono miwili, akaimwaga yote juu ya kibao kilicholowekwa maji, akaisawazisha kwa chupa na kuikata kwa kisu. Masalia ya sufuria yalikuwa haki yangu. Niliyakwangua yakiwa moto, nikaungua ulimi, nikaendelea.

Lazima nieleze udhaifu wa kashata hizo, maana bila huo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Kashata ya asali haigandi kama jiwe. Asubuhi husimama vizuri, na jua likipanda hulegea, ikatoka jasho na kushikana na mwenzake. Kwa hiyo haikuweza kukaa dukani. Ilipaswa kupikwa asubuhi na kuuzwa mchana kwenye madirisha ya treni, na mama alizipanga kwenye beseni chini ya kitambaa chenye maji. Kazi yangu mimi ilikuwa kunyunyizia kitambaa hicho na kupunga tawi, kwa sababu nyuki wa Itigi hufuata maji na asali popote vilipo. Nilifundishwa mapema kwamba nyuki akitua hapigiwi kelele wala hakimbiwi. Unasimama, unamwacha amalize shughuli yake.

Sasa nieleze kuhusu treni. Treni niliyoijua ilikuja mchana, ikitokea upande wa machweo, ikaondoka upande wa mawio. Treni ya kurudi ilipita usiku nikiwa nimelala, na hakuna mtu mzima aliyeona haja ya kunieleza habari zake. Honi niliyoisikia usingizini nilidhani ni ya treni ileile ya mchana, inalia huko ilikokwenda. Hivyo akilini mwangu kila siku ilikuwepo treni mpya iliyotoka machweo, ikapita kwetu, ikaishia huko mbele pamoja na vyote vilivyokuwa ndani yake. Ushahidi niliukusanya mwenyewe. Mbuzi waliopandishwa hawakurudi. Kuku katika matenga hawakurudi. Madebe ya asali ya baba hayakurudi. Mwalimu jirani yetu aliyehamishwa, kitanda chake kikapakiwa miguu juu, hakurudi. Na babu, baba yake mama, alipougua alipandishwa treni hiyo kupelekwa hospitali kubwa, watu wakanishika bega na kuniambia, "Atarudi." Babu alizikwa huko huko. Sisi tulikaa matanga bila maiti, wala hakuna aliyenieleza kwa nini.

Siku hiyo treni ilichelewa. Wauzaji tulikaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa stesheni mpaka kivuli kikatuhama. Mama aliinua kitambaa, akabonyeza kashata moja kwa kidole, akakifuta kidole hicho kwenye kanga.

Karibu yetu alikaa Mama Zena, aliyeuza mayai ya kuchemsha. Alikuwa na binti yake Zena, mkubwa kwangu kidogo, ambaye aliuza maji ya kunywa kwa kikombe.

"Mama Elia," akasema Mama Zena, "leo itabidi utembeze na vijiko. Huo umeshakuwa uji."

"Cheka tu," mama akajibu. "Hayo mayai yako yakipigwa jua tena kidogo utauza vifaranga."

Walicheka wote wawili, lakini mama hakuyaondoa macho kwenye reli.

Treni ilipofika, abiria wa dirishani walikuwa wamechoka na wenye hasira, wakanunua maji tu. Nasisitiza hapa kwamba mama hakuwa mzembe. Kwa kawaida treni ilisimama Itigi muda wa kutosha mtu kuchemsha chai na kuinywa, na wauzaji wote walikuwa na mazoea ya kupanda mabehewa ya daraja la tatu, wakapita ndani na kushukia mlango wa mwisho. Mama alijaza sinia, akaniachia beseni lenye zilizobaki.

"Kaa hapa hapa," akaniambia. "Usisogee mpaka nirudi."

Alipanda. Nilimwona akipita dirisha hadi dirisha, sinia likiwa juu ya vichwa vya watu. Kisha kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi, kengele ya treni kuingia na kuondoka, kikagongwa, mapema mno. Mtu wa bendera akainua ya kijani. Kwa kuwa ilikuwa imechelewa, treni haikungoja mtu. Mama Zena akapiga mayowe, akakimbia sambamba na behewa. Nikamwona mama mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa nje, na mwanaume mmoja alimshika mkono kwa nguvu asiruke. Alinitazama, akasema jambo. Honi ikalia wakati uleule. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufungika, na sikusikia kitu.

Treni ikaingia vichakani, upande wa mawio.

Sikulia. Watu huwasifu watoto wasiolia, wakidhani ni ujasiri. Mimi mwili wangu ulikuwa umesimama wote. Mkojo ulinitoka, nikaona mchanga ukilowa miguuni pangu, nikaona kama ni wa mtu mwingine.

"Mama yako ameenda Dar es Salaam," Zena akasema, akiwa ameshika kikombe chake.

"Hajaenda."

"Ameenda. Huko ana hela za kashata, atazaa watoto wengine."

"Zena, funga hilo domo kabla sijalifunga mimi," mama yake akamwambia, akihema. Kisha akainama mbele yangu. "Twende nyumbani kwangu, mwanangu. Mama yako atashuka kituo cha mbele. Atarudi."

Neno lile lile, na kwa sauti ile ile waliyoitumia kwa babu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo yamekwisha. Niliing'ang'ania beseni kwa mikono yote miwili na kusema kwamba nimeambiwa nisisogee. Alinivuta, nikajikaza. Alinibembeleza, nikatazama reli. Mwishoni alimwacha Zena anilinde, akaenda kutafuta habari ofisini.

Mtu wa bendera alikuja mwenyewe, Mama Zena akiwa nyuma yake. Alikuwa mrefu, mwenye kofia.

"Wewe mtoto, husalimii wakubwa?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako ni yule wa kashata?"

"Ndiyo."

"Basi tulia. Nimepiga simu kituo cha mbele. Wanaye."

"Ameshazikwa?"

Akamtazama Mama Zena, kisha akanitazama mimi. "Nani azikwe? Amekaa kwenye benchi anagombana na mkuu wa kituo. Anadai arudishwe kwa gharama ya serikali."

Mama Zena alicheka mpaka akafuta macho. Leo najua kwamba hakuna maelezo ambayo yangefanana na mama kuliko hayo. Lakini mkono aliounyoosha mtu yule kunipapasa kichwa ulikuwa mkono ule ule ulioinua bendera ya kijani. Kwangu alikuwa ndiye anayewatuma watu huko wasikorudi, na mtu wa namna hiyo asingekuja kunieleza ukweli. Nilirudi nyuma, nikakanyaga mkojo wangu.

Jua lilisogea. Mwanaume mmoja aliyesubiri mizigo akaja akataka kashata mbili. Nikamwambia haziuzwi. Akauliza kwa nini basi nimezileta sokoni. Sikuweza kumwambia kwamba aliyezipika hayupo tena duniani, na kwamba zikiisha hizi hakutakuwa na nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuwaza jinsi nitakavyozitunza. Nitazificha chini ya kitanda, nitakula punje moja ya karanga kila ninapomkumbuka, mpaka nizeeke.

Kitambaa kilikauka. Maji ya kunyunyizia yalikuwa kwenye kopo kando ya ukuta, hatua chache tu kutoka nilipokuwa, na hatua hizo sikuruhusiwa kuzipiga. Nyuki wa kwanza akatua kwenye ukingo wa beseni. Wakaja wengine. Harufu ya asali iliyopata joto ilikuwa imepanda, tamu na nzito, na nyuki waliifuata kutoka vichakani kama walioitwa. Walitambaa juu ya kitambaa, wakaingia chini yake, wakapanda vidoleni, wakafika kwenye viwiko. Zena akapiga kelele na kukimbia, maji yake yakamwagika. Mimi nilisimama. Nilihisi vijiguu vyao vikitafuta asali iliyokauka katikati ya vidole vyangu, na mmoja alipita kwenye mdomo wangu. Nikafumba macho. Nikawaza kwamba hata nyuki wamekuja kuchukua, na kwamba wakimaliza kashata watanimaliza na mimi, na nitakuwa nimetii.

Ndipo nikasikia mngurumo mdogo kama wa cherehani. Ulitoka upande wa mawio.

Nilifumbua macho. Juu ya reli, kutoka mahali ambapo hapakuwahi kutoka kitu chochote, kilikuja kiberenge cha mafundi wa reli. Juu yake walikaa wanaume wenye makoleo, na katikati yao mwanamke mwenye kanga ya mama. Nywele zake zilijaa vumbi jeupe. Mguu mmoja haukuwa na ndala. Sinia hakuwa nalo.

Hofu niliyokuwa nayo mchana kutwa ilikuwa ndogo ukilinganisha na ile iliyonipata hapo. Kwani nilikuwa na hakika kwamba huko hakurudiki. Kwa hiyo huyo aliyekuwa akishuka kwenye kiberenge na kunijia haraka hakuwa mama yangu, bali kitu kilichotumwa kwa sura yake.

"Simama hapo," nikasema.

Akasimama. Aliwaona nyuki. Aliona pia, nadhani, jinsi nilivyokuwa nikimtazama.

"Ni mimi," akasema polepole. "Ni mama."

"Mama ameenda na treni."

"Nimeenda, nimerudi. Kwani tangu mchana umeshanisahau sura?"

Bibi mmoja wa jirani alikuwa amenieleza kwamba waliokufa hawali. Nilichovya mkono ndani ya beseni, katikati ya nyuki, nikatoa kashata iliyokuwa imelainika kabisa, nikamnyooshea bila kumsogelea. Mama aliinama, akaipokea, akampuliza nyuki aliyekuwa juu yake, akaila yote. Alikuwa na njaa. Alilamba vidole kimoja baada ya kingine, akatazama ndani ya beseni kwa jicho la biashara.

"Zimelegea hizi," akasema. "Za kutupa."

Hapo nikalia. Mama akanichukua mgongoni, na nyuki wakabaki na beseni.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa na haki kamili ya kumlaumu yule binti wa dukani. Lakini kumbukumbu ikiandikwa nusu ni sawa na uongo. Kuanzia siku iliyofuata, kila kipande kile cha reli kilipogongwa stesheni nilitapika. Nililala nimefunga ncha ya kanga ya mama kwenye mkono wangu. Alijaribu kunibeba tukaenda pamoja. Tulipokaribia stesheni nilipiga ukelele mpaka abiria wakatoa vichwa madirishani, naye akageuka. Kashata alizokuwa amepika zililegea nyumbani. Alipika tena, zikalegea tena, tukawagawia majirani. Nilielezwa kwa subira kwamba ipo treni ya usiku inayorudi. Nilikubali kwa mdomo.

Baba alipotoka porini alikuta hali hiyo. Niliwasikia wakizungumza jikoni, nikiwa nimeegemea ukuta wa nje.

"Atasahau," baba alisema. "Watoto husahau."

"Huyu hasahau kitu," mama akajibu. "Huyu hata ugomvi wetu wa mwaka juzi anaujua nani alianza."

"Sasa unataka nini?"

"Asali yako uza kwenye madebe, yote. Mimi nitapika za sukari. Za sukari zinakaa hata wiki. Nitampa Mama Zena aniuzie."

Baba alikuwa mtu wa asali, na baba yake pia. "Kashata ya sukari ni kitu gani?"

"Ni kitu kisichonipandisha treni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kashata za sukari hazikulegea, hazikuita nyuki, hazikumkimbiza mtu. Wauzaji wengine waliona faida yake, wakaacha kuhangaika na vitambaa vya maji. Baada ya muda si mrefu, hapakuwa na mtu yeyote stesheni ile aliyepika za asali, na waliozaliwa baada yangu hawakuzijua. Nikiulizwa ni nani aliyeiondoa asali katika kashata za Itigi, jibu ninalo. Ni mama yangu, na aliiondoa kwa sababu yangu.

Nakumbuka mchana wa kwanza wa sukari. Sufuria ilitoa moshi mkali uliochoma macho. Mama alikoroga bila raha, kama mtu anayepika chakula cha ugenini, akanikatia kipande cha pembeni. Kilikuwa kigumu, kikanikwaruza kaakaa, na nilipokitafuta ndani yake kile kionjo cha moshi wa porini sikukiona.

"Vipi?" akauliza.

Kabla sijajibu, kipande cha reli kikagongwa kule stesheni. Nilishika pindo la kanga yake na kumtazama usoni. Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa akikwangua sufuria kwa kisu, akinung'unika kwamba sukari inang'ang'ania kuliko asali.

"Tamu," nikasema.

Treni iliingia, ikasimama, ikapiga honi yake, ikaanza kuondoka. Nilitafuna kipande kile kibaya polepole, sikukitema wala sikuliachia pindo, mpaka mlio wa magurudumu ulipoisha kabisa upande wa mawio, na mama akiwa bado yupo jikoni, akitafuta mahali pa kuloweka sufuria.